Paka wa Kiajemi na Washauri Watatu

Benchi letu limebanwa kati ya mlango wa kinyozi na meza ya fundi viatu. Birika la kahawa hukaa miguuni pa Wakili, tunayemwita hivyo ingawa mahakamani hajawahi kuingia ila kama shahidi. Asubuhi hiyo nilifika na kapu. Ndani alikuwamo paka wa marehemu mke wangu, wa Kiajemi: manyoya meupe marefu yanayoburuzika sakafuni, uso bapa, pua fupi iliyodidimia kati ya macho ya rangi ya shaba. Tangu mazishi, wiki tatu sasa, alikuwa akila kidogo sana, na manyoya ya tumboni yalikuwa yamesokotana mabonge. Nilitaka kupata mtu wa kumchukua.

— Kaka, huyu aligonga ukuta? Kinyozi akauliza.

— Ndivyo alivyoumbwa.

— Mbona amenuna?

— Hajanuna. Ni mpole. Hapandi makabati, hakwaruzi mtu, halii.

Wakili akatua kikombe.

— Paka asiyelia! Huyo ni mpelelezi. Matajiri waliwafuga wasikilize maneno ya wageni.

— Halafu amwambie nani, na halii? Fundi akauliza.

— Anaeleza kwa macho.

— Acha kamba zako. Huyu alikuwa kondoo, akaghairi njiani.

— Jamani, mnyama anaumwa na joto, Kinyozi akasema. Nipeni dakika tano na mashine. Namwachia kidogo kichwani na mkiani.

— Awe simba? Wakili akauliza.

— Awe na hamu ya kula! Wateja wangu wote wakitoka hapa wanatafuta chakula.

— Wanatafuta kofia, Fundi akasema.

Kinyozi alikuwa amekwisha kuwasha mashine. Paka hakukimbia. Aliweka kidevu kwenye ukingo wa kapu, akaingojea.

— Nimnyoe?

— Mnyoe, nikasema.

Dada mmoja aliyekuwa akisubiri kiatu chake kishonwe, mguu mmoja peku, akainama juu ya kapu.

— Samahani, baba. Hawa huchanwa kila siku, la sivyo wanakuwa hivi. Nani alikuwa akimchana?

— Mke wangu.

— Saa ngapi? Maana wanazoea saa yao. Huenda bado anaingoja.

Kinyozi akanitazama. Paka huyo tumeishi naye miaka sita. Kila jioni niliporudi kazini nilimkuta amelala mlangoni, kila unywele mahali pake, na sikuuliza.

— Sijui, nikasema.

Mashine ikazimwa. Kinyozi akaingia ndani, akatoka na kitana cha meno mapana, akanipa. Nikampakata paka. Nikashika bonge la kwanza karibu na ngozi, asiumie.

Fundi akatazama saa yake.

— Sasa hivi ni saa tatu na robo, kaka. Anza na hiyo.