Ndizi Zilizokataa Kutoa Maji

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za tangu asubuhi. Mchungaji amenipa nafasi baada ya kwaya, na amenionyesha saa yake kabisa, kwa hiyo nitasema yale ya lazima.

Mnanifahamu. Nafundisha kemia sekondari, hapa hapa Isingiro. Mwaka juzi nilichaguliwa kwenda ng'ambo, kwenye mafunzo ya mwaka mzima ya walimu wa sayansi kutoka nchi mbalimbali. Mliniombea mbele hapa, akina mama wakanifungia kahawa ya kutafuna, na baadhi yenu mkanisindikiza mpaka Nkwenda kupanda basi. Niliondoka nikiwa na suti mpya na kiburi kidogo. Nisiseme kidogo.

Kule ni baridi. Hilo mlishalisikia kwenye simu mpaka mkachoka. Lakini baridi si jambo lililoniangusha. Kilichoniangusha ni kufundisha, kazi niliyodhani naijua.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Kila mwalimu anasimama mbele ya wenzake na kuwafundisha somo moja kwa kutumia vitu vya kwao nyumbani. Kunakili kutoka kitabuni hakuna. Zamu yangu ilipofika nikafanya kama ninavyofanya siku zote: nikageukia ubao, nikaandika maelezo kuhusu asidi na besi, nikajaza ubao, nikafuta, nikajaza tena. Nilipogeuka, hakuna aliyekuwa anaandika. Mwalimu mmoja, mama mtu mzima kutoka nchi ya milima, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, sisi tufanye nini sasa?" Nikamwambia, "Andikeni." Kwangu mwanafunzi anaandika, basi.

Msimamizi wetu, mwanamke asiyependa maneno mengi, akaniita ofisini. Akaniambia nina nafasi moja tu tena. Nikishindwa na hiyo, ufadhili unakatishwa, narudishwa nyumbani kabla hata ya nusu ya mwaka.

Ndugu zangu, nawaambia, nilianguka. Niliacha kula na wenzangu. Niliacha kuomba. Mke wangu akipiga simu namwambia niko salama, kazi inaendelea vizuri, kisha namwambia mtandao ni mbaya na kukata. Nikajifunika blanketi na kupiga hesabu za aibu: nitashuka Nkwenda na suti ile ile, nani ataniona kwanza, nitamwambia nini? Niliwaza hata kuomba uhamisho niende mkoa mwingine, nisikutane na yeyote kati yenu. Mnacheka, lakini barua ya uhamisho nilishaanza kuitunga kichwani.

Kitu cha nyumbani, wanasema. Kitu gani? Shule yangu haina maabara ya maana. Nikaona nyumbani kwetu hakuna sayansi, na nikawachukia wale wa mafunzo kwa kuniuliza.

Ndipo mama akapiga. Mama hapigi simu, huwa anasubiri kupigiwa. Nikajua mke wangu amemtuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Unasema uongo. Sema."

Nikamweleza. Wanataka niwaonyeshe kitu cha kwetu, kitu kinachobadilika kikawa kitu kingine, na mimi sina. Mtandao ukakwaruza, safari hii kweli.

"Na ndizi?" akasema.

"Mama, mimi nimeokoka."

"Nani amesema pombe? Nimesema ndizi."

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wageni. Nilizaliwa Ihembe, na baba yangu alikuwa mtengeneza pombe ya ndizi. Wenyeji mnaijua kazi ile. Ndizi zinavundikwa shimoni mpaka ziive, zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, na wanaume wanazikanyaga kwa miguu mpaka maji yanachuruzika. Maji yale matamu ndiyo muramba, watoto wote wanakunywa. Ukitia mtama na kuyafunika, hapo ndipo yanapokuwa pombe. Mimi nilikanyaga tangu nikiwa mdogo. Siku nilipookoka niliosha miguu nikaapa sitaukaribia mtumbwi tena, na sababu mnaijua, nimeshaisimulia hapa hapa mbele: baba alikunywa alichotengeneza, mpaka kikammaliza.

"Muramba ni muramba," mama akasema. "Na wewe ulikuwa unakanyaga vizuri kuliko kaka zako. Wao walikuwa wavivu." Akanipa salamu za majirani, akakata simu.

Nikaenda dukani. Nikanunua ndizi za njano, nzuri, nyingi mpaka muuzaji akaniuliza kama nina sherehe. Nyasi nikazikata nyuma ya hosteli kwa kisu cha mezani, mtunza bustani akinitazama asijue aseme nini. Niliona nimeshapona. Kazi hii naijua mpaka usingizini, nikajisemea.

Siku ya somo nikanawa mikono, nikamenya ndizi, nikaziweka kwenye beseni na nyasi, nikaanza kukanda. Miguu niliona si adabu. Nikawaambia wenzangu watazame, maji yatatoka sasa hivi. Nikakanda. Yakatoka mabonge, si maji. Nikaongeza nyasi. Uji mzito, unanata kwenye nyasi kama gundi. Nikavua koti. Nikakanda mpaka jasho likanitoka katika baridi ile, na maji hakuna. Chumba kizima kinanitazama. Msimamizi amekaa nyuma, mikono ameikunja.

Ndugu zangu, ndizi ni ndizi, hivyo ndivyo nilivyodhani. Mtu wa Karagwe akiona ndizi hajiulizi kama inatoa maji. Nyumbani zile za pombe tunazijua kwa kuzitazama tu, mgomba wake, rangi yake, na hakuna anayetia ndizi za kula kwenye mtumbwi. Kule dukani sikuwa na mgomba wa kutazama. Nilikuwa nakanda ndizi za kula.

Yule mama wa milimani akauliza, "Kwa nini za kwenu zinatoa maji na hizi hazitoi?"

Miaka yote ya kufundisha nilikuwa na jibu kwa kila swali, na kama sina, namwambia mwanafunzi akae chini. Siku ile mikono ilikuwa imejaa uji mpaka kwenye viwiko, sikuwa na pa kujificha. Nikasema, "Sijui."

Basi chumba kikafunguka. Mmoja akasema labda ni maganda, mwingine akasema labda ni nyasi. Mwingine akauliza ndizi za kwetu zina ladha gani zikiwa mbichi. Nikasema zina ukakasi, zinakausha ulimi. Wakasimama, wakazunguka beseni, kila mtu akatia mkono. Muda ukaisha hatujamaliza. Msimamizi akaja na kitambaa, akanipa nifute mikono, akasema, "Leo umefundisha."

Sikurudishwa. Miezi iliyobaki niliufuatilia ukakasi ule. Kwa ufupi, ule ukakasi unayashika yale yanayonata ndani ya ndizi, na maji yanabaki huru. Nyasi zinasaidia kuchuja tu. Baba hakulijua jina la kitu hicho, na mimi pia sikulijua mpaka nilipoaibika.

Niliporudi nikafanya somo lile na kidato cha tatu, tukiwa na ndizi za pombe na ndizi za kula, mabeseni mawili. Najua wapo humu waliokwenda kwa mkuu wa shule kuuliza kama mwalimu aliyeokoka anapika pombe darasani. Siwataji, na siwalaumu. Ningekuwa ninyi ningeuliza. Muramba wetu tuliunywa siku ile ile, haukulala hata ukawa pombe.

Nashukuru kanisa hili kwa maombi, maana wakati mimi nimeacha kuomba ninyi hamkuacha. Namshukuru yule mama wa milimani kwa swali lake, na msimamizi kwa kitambaa. Mke wangu alijua nadanganya, akampigia anayeweza kunitikisa. Mama yuko pale nyuma. Mama, simama wakuone. Naona anatikisa kichwa, basi akae.

Kwenu walimu, na kwenu wazazi mnaoulizwa maswali na watoto: kusema sijui hakukuvui nguo. Sema, halafu mtafute pamoja.

Wa mwisho ni baba. Kila nilipotoa ushuhuda hapa nimemtaja kwa ulevi wake, na ninyi mnamjua kwa huo tu. Hilo ni kweli na silifuti. Lakini asubuhi, kabla hajaonja, alinishika mkono nikiwa ndani ya mtumbwi nisiteleze, akanifundisha kazi kwa subira, na siku nilipomwaga muramba wote hakunipiga. Sijawahi kumshukuru mbele ya watu. Asante, baba.