Maombi Yaliyofunga Mdomo wa Fundi

Ndugu zangu katika imani, wazee wa kanisa, akina mama na vijana, nawasalimu kwa heshima. Mchungaji amenialika kusimama hapa mara tatu, na mara mbili za kwanza nilitafuta sababu ya kutokuja. Leo nimekuja. Nitaeleza mambo kwa mpangilio yalivyotokea, na sitamtaja mtu kwa jina, maana sikuja kumshtaki mtu asiyekuwepo kujitetea. Makosa nitakayoyaeleza kwa urefu ni yangu.

Baada ya miaka mingi ya ukarani katika ofisi ya serikali kule Thika, niliajiriwa kuwa katibu wa kampuni moja ya kompyuta hapa Ruiru. Kampuni hiyo iliunganisha kompyuta na kuziuza kwa shule. Wajibu wangu ulikuwa kuandika kumbukumbu za vikao vya wakuu: nani alisema nini, nani alipinga, na ni uamuzi gani uliofikiwa.

Nawaambia kweli, ilikuwa kampuni ya kuheshimika, na nguvu yake ilikuwa chumba kimoja tu. Kila kompyuta iliyokamilika iliwekwa katika chumba hicho cha majaribio kwa siku mbili, huku fundi mkuu akiizima na kuiwasha kwa makusudi, tena na tena. Aliijua stima ya huku kwetu. "Ikipotea huondoka kimya," alikuwa akituambia, "lakini ikirudi, hurudi na hasira." Mashine iliyoshindwa kustahimili hasira hiyo haikuvuka lango letu.

Kisha tukaletewa Mkurugenzi Mtendaji mpya. Alikuwa msemaji hodari, mtu wa suti safi na tabasamu pana. Karakana yetu aliitembelea mara moja, akapigwa picha, akaondoka. Katika mwezi wake wa kwanza aliamuru chumba cha majaribio kifungwe na kigeuzwe ofisi yake, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na madirisha makubwa. Vikao navyo akavihamishia katika hoteli moja karibu na maporomoko ya Chania. Alisema kwamba kule mawazo hutiririka. Maji yalitiririka, hilo nalithibitisha. Mawazo sikuyaona.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipoangukia. Mnaijua desturi yetu. Kikao chochote hapa kwetu, kiwe cha shule, cha harusi au cha kampuni, hufunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi. Ni desturi njema, nami naipenda. Lakini watu wakishaitikia Amina, shauri limekwisha. Hakuna anayethubutu kuinua mkono tena, kwa sababu ataonekana anabishana na Mungu. Mkurugenzi wetu aliifahamu desturi hiyo kuliko sisi sote. Mtu alipoanza kupinga jambo, yeye alianza kufumba macho.

Katika kikao kimoja alipendekeza tubadilishe kile kisanduku kidogo kilicho ndani ya kompyuta, ambacho hupokea stima na kuigawa. Alikuwa amepata cha bei rahisi zaidi, na shule nyingi zilikuwa zikisubiri mashine zao. Fundi mkuu akasimama.

"Bosi, hivi visanduku nimevijaribu nyumbani kwangu. Vinaungua. Tukivipeleka mashuleni, hata muhula hautaisha."

"Fundi, wewe kila siku ni shida tu. Hakuna hata siku moja unaweza kutuletea habari njema?"

"Habari njema ni za mhubiri, bosi. Mimi ni fundi."

Tulicheka. Mkurugenzi hakucheka. Alisema kwamba kulikuwa na roho ya upinzani katika chumba kile, na kwamba dawa yake ilikuwa moja. "Bwana Katibu, wewe ni mzee wa kanisa. Tufungie kwa maombi."

Fundi alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, akiwa na maneno ya kuendelea. Ndugu zangu, nilimwona. Nami nikainuka, nikafumba macho, nikaomba. Niliomba vizuri hata. Nilipomaliza, watu wote waliitikia Amina, na fundi pia, kwa kuwa alilelewa na mama anayemcha Mungu.

"Umesikia mwenyewe?" Mkurugenzi aliniambia tukitoka. "Fundi ameitikia. Andika kwamba wote tumekubaliana."

Nikaandika. Katika daftari langu la mkono nilikuwa nimeyanukuu maneno yote ya fundi. Katika kumbukumbu nilizozipiga chapa na kuzitia sahihi, niliandika maneno mawili: wote walikubaliana. Mtu ambaye maisha yake yote aliwakaripia makarani wadogo kwa kukosea tarehe, alitia sahihi uongo mchana kweupe kwa sababu aliogopa kuonekana mkaidi.

Kompyuta zilipelekwa. Stima ikapotea, ikarudi na hasira yake, na mashine zikaanza kufa darasa baada ya darasa. Walimu wakuu walipiga simu, na Mkurugenzi akaamuru simu zao zisiunganishwe na ofisi yake. Waliosema ndani ya kampuni kwamba turudi kwenye visanduku vya zamani, walihamishwa au waliachishwa. Hatimaye alihitaji mtu wa kubeba lawama. Akatoa kumbukumbu zangu, akaonyesha kwamba fundi mkuu alikuwapo na alikubali, kisha akamfukuza kazi kwa uzembe.

Fundi alirudi kwake Witeithie. Barua ya kufukuzwa kwake ilisambazwa kwa shule zote tulizoziuzia. Mtu aliyejua kazi yake kuliko yeyote niliyepata kumwona hakupata hata redio ya kutengeneza. Watu dukani walimwonyesha kidole: yule ndiye aliyewaharibia watoto wetu kompyuta. Aliyempeleka pale ni mimi, kwa kalamu.

Siku moja mke wangu alikutana na mke wa fundi sokoni. Alirudi nyumbani, akaweka kikapu chini, akaniuliza bila hata kuketi:

"Mzee, ni kweli yule baba alikubali?"

"Kumbukumbu zinasema alikubali."

"Haiya! Mimi sijauliza kumbukumbu. Nimekuuliza wewe."

Nilikwenda kabatini, nikalitoa daftari.

Haikupita wiki, walimu wakuu wa shule zile wakaitisha mkutano na kampuni katika ukumbi wa shule moja huko Thika. Fundi naye aliitwa, aje kujieleza. Alikaa peke yake karibu na mlango, amevaa koti lake la kanisani. Mkurugenzi alisimama na kuzisoma kumbukumbu kwa sauti nzito, mpaka kwenye yale maneno mawili. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alipoinua mkono kuuliza swali, Mkurugenzi alitabasamu, akatazama saa yake, akasema: "Tusiingie kwenye malumbano, walimu. Bwana Katibu, tufungie kwa maombi."

Nilisimama.

"Sitaomba," nikasema. "Mama huyu ana swali. Na mimi nina neno."

Nikasema kwamba kumbukumbu zilizosomwa ni zangu, sahihi ni yangu, na si za kweli. Nikafungua daftari nikayasoma maneno ya fundi kama alivyoyasema: kwamba visanduku vinaungua, kwamba hata muhula hautaisha. Nikasoma na lile jibu lake kuhusu mhubiri. Mwalimu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, kicheko cha watu walioielewa kweli ghafla.

"Bwana Katibu, umechanganyikiwa," Mkurugenzi akasema.

"Nilichanganyikiwa siku niliyotia sahihi, bwana. Leo niko timamu."

Yule mwalimu mkuu wa wasichana akageuka kuelekea mlangoni. "Fundi, tusamehe. Hebu njoo ukae hapa mbele." Na fundi, ambaye hakulia alipofukuzwa, alitembea katikati ya viti vile akijipangusa macho kwa mkono wa koti.

Kampuni haikupona. Shule zilikatiza mikataba yao, na lango lile likafungwa. Wengine husema ilianguka kwa sababu ya ushindani, au kwa sababu ya bahati mbaya. Mimi nilikuwa ndani ya vikao vyote na ninaliweka wazi: ilianguka kwa sababu aliyekaa juu alikataa kusikia, na sisi tuliokaa chini yake tulimsaidia kuziba masikio.

Lakini fundi alisimama tena. Amefungua karakana pale Witeithie pamoja na mafundi wanne waliokuwa wameachishwa. Shule zilimpelekea mashine zile zilizokufa, naye amezifufua, chumba kizima baada ya kingine. Mwezi uliopita wasichana wa shule ile walimwimbia wimbo wakiwa wamesimama. Aliniambia aliona haya, kisha akaniambia nisiandike kwamba aliona haya. Nimeshaandika. Huniita karakanani kila wanapokutana, nami huandika kila neno la kila mtu, hata la mkorofi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu kwa swali lake moja. Namshukuru mwalimu aliyeinua mkono. Namshukuru na fundi, ambaye nilipokwenda kumwomba msamaha alinisikiliza mpaka mwisho, akanivutia kiti, akanimiminia chai.

Ninyi mnaoongoza kamati, vyama na ofisi, nawasihi: anayewaambia kwamba kitu kitaungua anawapenda kuliko anayewapigia makofi. Mpeni muda amalize. Na wewe unayeshika kalamu, usimwachie mkubwa wako aamue ulichosikia kwa masikio yako.

Niliondoka katika kampuni ile nikiona aibu kueleza nilikuwa nani pale. Wajukuu wakiuliza, nilibadilisha mazungumzo. Leo wakiniuliza, nawajibu nikiwa nimeinua kichwa: nilikuwa katibu.