Tundu Lilikuwa Kavu: Maisha ya Mzee Kausha

Wewe uliyeshika kijitabu hiki, gari lako linatembea vizuri, sivyo? Ndiyo maana marehemu hukumwona tangu mwaka juzi. Wengi mliojaa hapa mlimjua kwa sababu ya moshi na mlio wa injini. Gari likipona, njia ya gereji mnaisahau kama mlikuwa mnaota. Leo nje hakuna pa kuegesha. Wodini alilala siku ishirini na tatu, na sisi wa nyumbani tukitoka, kiti cha wageni kilikuwa cha kuwekea koti lake. Tumesema, tumemaliza. Sasa sikilizeni, maana mwenyewe aliacha maagizo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa pili kati ya wawili, kwa baba aliyekuwa fundi seremala na mama mkulima. Akiwa na miaka tisa aliifungua redio ya baba yake ili aone anayeongea amekaa wapi. Aliifunga, ikaongea, lakini skrubu moja ilibaki. Wiki nzima alitembea nayo mfukoni akiomba redio isigundue. Tabia ya kuficha alichokosea aliianza mapema, na neno hilo si letu, ni lake.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1968. Masomo ya juu hayakuwezekana, basi akaenda chuo cha ufundi wa magari, mwaka 1971 na 1972, akatoka na cheti na kovu la kidole gumba. Aliajiriwa karakana ya malori kwa miaka sita. Mwaka 1978 akafungua gereji yake: chumba kimoja chenye mlango wa bati, shimo la kuingilia chini ya gari, na ubao mkubwa ukutani ambapo kila spana ilichorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili jioni ujue nini hakijarudi.

Mkewe alikuwa mshona nguo. Alimletea cherehani iliyokwama, na marehemu, ambaye wakati huo aliamini hakuna kitu duniani kisichotengenezwa na mafuta mengi, aliimwagia mpaka shela ya bibi harusi wa watu, iliyoshonwa nayo, ikaota madoa. Dada wa watu alirudi anafoka: "We kaka, umeambiwa utengeneze au ukaange?" Akalipia shela, akaomba radhi siku tatu mfululizo, na ile ya tatu hakuja kwa ajili ya shela. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979. Mungu aliwapa binti mmoja.

Mwaka 1982 mdogo wa mkewe, wa kiume, alikuja kufanya kazi naye. Watu wawili hawajawahi kupatana namna ile. Walikuwa wanaitana "shemeji" mpaka wateja wakadhani ndilo jina la gereji. Shemeji alikuwa mwepesi wa mkono na msafi kupita kiasi. Nusu ya ubao ilichorwa spana zake. Kazi waligawana hivi: injini ikifunguliwa, shemeji anasafisha na kukausha, marehemu anafunga.

Jumanne tarehe 17 Mei 1988 walikuwa wanarudishia silinda hedi ya lori la mbao. Hedi ni kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya bloku, yaani mwili wa injini, na hushikwa na bolti ndefu zinazoingia kwenye matundu yasiyotokea upande wa pili. Shemeji alikausha matundu yote, akaenda kunawa. Marehemu akashika spana ndefu, akavuta. Bolti ya saba ikatoa mlio kama kuni kavu. Bloku ikapasuka.

Mwenye lori alikuwa amesimama palepale. Marehemu akageuka kwa shemeji yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifuta mikono.

"Hukukausha."

"Nimekausha, shemeji. Nimekausha mara mbili."

"Sasa imepasuliwa na nani, shetani?"

"Shemeji, nitazame. Tundu lilikuwa kavu."

Hakumtazama. Shemeji akashusha spana zake moja moja ubaoni, akazifunga kwenye gunia, akaondoka. Mwenye lori naye ana mdomo, na mji una masikio. Kufika Ijumaa mafundi walikuwa wameshampa yule kijana jina: Mpasuaji. Hakuna gereji iliyompa tena injini. Inasemekana aliishia kufungua na kufunga lango la kiwanda cha watu, yeye mwenye mikono ile.

Siku tisa baadaye marehemu alikuwa peke yake, anafunga hedi ya gari dogo. Kama kawaida yake, alichukua kopo, akamimina mafuta kwenye kila tundu ili bolti zishuke laini. Akaanza kukaza. Bolti ikagoma kabla hedi haijakaa, na mafuta yakaanza kutoka kama jasho pembeni ya meno ya bolti. Akaacha kuvuta. Akakaa chini, kwenye sakafu, na ovaroli yake.

Hapo ndipo alipoelewa. Mafuta hayabonyei. Yakiwa chini ya bolti na hayana pa kutokea, unavyozidi kukaza ndivyo yanavyosukuma ukuta wa tundu, na chuma kinashindwa. Bolti inataka mafuta kidogo tu kwenye meno, kiasi cha kupaka kwa kidole. Tundu linataka kuwa tupu. Shemeji alikausha. Aliyelowesha, kwa mkono wake mwenyewe, wakati mwenzake ananawa, ni marehemu.

Na hakusema. Hatutapamba hapa. Siku ya kwanza aliona haya, mwezi wa kwanza alisema atamtafuta, mwaka wa kwanza alisema ameshachelewa. Mkewe alikuwa akiuliza, "Mdogo wangu atarudi lini?" naye anajibu, "Hasira zikiisha." Hakutaja hasira za nani.

Tangu hapo akawa Mzee Kausha mnayemjua. Alichukua vipande vyeupe vilivyobaki kwa mkewe kwenye ushonaji, akavizungushia kwenye waya, akachokonoa kila tundu mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Kisha upepo wa kompresa. Kisha kitambaa tena. Kisha aliiteremsha bolti kwa vidole, akapima kina chake, ndipo hedi ipande. Wateja walichoka. Dereva mmoja wa teksi alimwambia, "Mzee, unatengeneza injini au unamsafisha mtoto masikio?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Mtoto ukimuumiza atalia. Chuma kinapasuka tu." Katika miaka thelathini na sita hakupasua bloku nyingine. Mkamsifu, mkasema fundi makini. Kila sifa ilimchoma, na nyinyi mkadhani ni unyenyekevu.

Ile bloku iliyopasuka hakuiuza kwa wanunua vyuma. Aliiweka mlangoni, akawa anaikalia. Wengi wenu mmeikalia pia mkisubiri magari. Na nusu ya ubao ilibaki maumbo meupe matupu. Mafundi waliopita pale, kila aliyetaka kutundika chake, aliambiwa, "Hapo pana mwenyewe." Kila miaka michache alichukua brashi akayapaka upya yale maumbo, yasifutike.

Mkewe alifariki tarehe 21 Agosti 2009 kwa kiharusi, bado anauliza. Shemeji alikuja mazikoni. Alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Marehemu alimwona. Aliinua mkono, na mkono ukaishia kifuani, kwa sababu watu walikuwa wanampa pole. Alipoangalia tena, shemeji alikuwa ameshavaa kofia na anaondoka. Baada ya hapo nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja na cherehani moja. Kila Jumapili alifungua kifuniko cha cherehani, akapaka tone moja la mafuta kwa kidole, akaizungusha kidogo, akaifunika. Hakuna aliyekuwa anashona.

Mwaka jana moyo ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Mwaka huu alilazwa tarehe 10 Mei, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Mjukuu wake alimwambia, "Babu, ukipona tutakuandikia habari zako, tuseme wewe ni fundi hodari."

"Usiandike hodari."

"Niandike nini sasa?"

Akavuta pumzi kama anayepanda ngazi. Kisha akamsimulia yote haya, siku mbili, kidogo kidogo, na akataka asomewe kila alichosema. Alirekebisha sehemu moja tu. Mjukuu alikuwa ameandika "kwa bahati mbaya alimlaumu". Akasema, "Futa bahati mbaya. Bloku ndiyo ilikuwa bahati mbaya. Shemeji nilimlaumu kwa makusudi."

Alifariki Jumapili tarehe 1 Juni, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sabini na mbili. Nesi ndiye aliyekuwepo.

Ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, na kaka yake mkubwa. Ameacha pia shemeji mmoja, fundi msafi kuliko yeye, ambaye kosa halikuwa lake na jina alilopewa halikuwa lake. Funguo za gereji ziko kwa binti. Ubao uko vilevile, na rangi mpya aliyoipaka Januari.

Kazi yake imeisha, na neno lililomlemea limeshasemwa mbele za watu. Sasa mwacheni alale kwa utulivu.

Na wewe uliyesimama kule nyuma: kama pembeni yako kuna mzee ameshika kofia mkononi, msogezee kiti kabla hajaivaa.