Fadhili Nambunga na Ngazi za Jengo la Karanga

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulitunza Jengo la Karanga, Mzee Fadhili Nambunga anastaafu tarehe 31 Desemba 2025. Wapangaji wapya hudhani alikuja pamoja na jengo. Si kweli, jengo ni mkubwa wake.

Lilijengwa hapa Mtwara kwa ajili ya ofisi za wafanyabiashara wa karanga. Karanga zikagoma kustawi, jina likabaki. Wakaja watu wa mkonge, wakaja wa korosho, kisha wa gesi na mabuti yao mazito. Leo chini wapo mafundi cherehani, juu mawakili na sisi wa bima. Wengi wetu tulipohamia, wa kwanza kutukaribisha alikuwa huyu mwana wa kijiji cha Mpapura, funguo mkononi na utani mdomoni.

Habari ya mafuta hatuwezi kuiruka. Masika moja mchwa walizivamia ngazi zetu za mbao, na mwenye jengo akaanza kuzungumzia kulivunja. Mzee Fadhili akafanya kama wanavyofanya kwao kwenye nguzo za nyumba: akapaka ngazi zote, pamoja na kishikio chake, mafuta ya maganda ya korosho. Alipaka Ijumaa, akitumaini Jumatatu yatakuwa yamekauka. Mvua haikumpa nafasi. Jumatatu tukapanda kama kawaida, na kufika adhuhuri jengo zima lilikuwa linajikuna, maana mafuta hayo yakiwa mabichi huunguza ngozi. Wakili wetu, Bi. Martha, alikwenda mahakamani viganja vimebabuka kama vya mbanguaji korosho mgeni. Mzee alipita mlango kwa mlango kuomba radhi, mikono yake ikiwa na hali mbaya kuliko ya yeyote. Bi. Martha alimwambia amshukuru Mungu kwamba hamshtaki, maana kesi hiyo angeishinda, kisha akampa mafuta ya nazi ajipake.

Mchwa walihama. Mwenye jengo aliahirisha kuvunja, akaahirisha tena, na mwaka huu ameamua kulikarabati. Lakini sisi wa enzi zile hatujagusa kishikio hadi leo. Tunapanda mikono nyuma, kama wakaguzi wa gwaride. Mzee anapenda utani, ila huu unamuuma. Husema tulimsamehe mdomoni tu.

Basi Mzee wetu, asante kwa kutulindia jengo. Tunakuombea afya, mikorosho yenye kuzaa na usingizi usio na kengele. Siku ya kuondoka tutakushusha ngazi sote, Bi. Martha akiwa mbele, na kila mmoja atakuwa ameshika kishikio.