Albamu Niliyoiloweka Chumvini

Wapendwa, nasimama na magoti haya mabovu kwa sababu mmenisukuma wiki tatu nitoe ushuhuda, na nimechoka kusukumwa. Katibu amesema nisitaje jina la mtu. Sawa, ingawa majina ninayo yote.

Mnajua nimemlea mjukuu wangu hapa Katwe tangu mama yake, binti yangu, alipofariki. Ni msichana mkimya, ananiita jjajja, yaani bibi, kama mtaa mzima. Kumbe kila Jumapili, mimi nikiwa kanisani na mafundi wamefunga karakana, yeye na wenzake wawili wanaegemeza magodoro ukutani na kurekodi albamu. Muziki wenyewe wanauita metali ya kifo iliyotiwa weusi, roki nzito ya magitaa. Ndugu zangu, nawaambia, siku niliyorudi mapema nilidhani kuna ng'ombe amekwama chumbani. Ngoma kama mvua ya mawe juu ya mabati, na mjukuu wangu, mwembamba vile, ananguruma.

Fundi wa sigiri, haya majiko ya makaa, jirani yangu, akaja kulalamika. Mtu anayegonga chuma Jumatatu hadi Jumamosi, analalamika kelele. "Jjajja, sisi tukipiga kelele inatoka sigiri. Huyu anatoa nini?"

Nikawaita akina mama wa maombi. Mnajijua, mmekaa hapo mbele, msinitazame hivyo. Tulifunga siku tatu. Mmoja wenu akasema pepo anakaa katika kile kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, kilowekwe katika maji ya chumvi. Mimi shule niliacha darasa la pili. Nikakiloweka. Nilidhani kinaoshwa kama sufuria, kikikauka nakirudisha mezani. Hata nikakianika juani, nimekitandikia kitambaa safi.

Mle ndimo zilimokuwa nyimbo zote. Jumapili za mwaka mzima. Mjukuu wangu hakupiga kelele siku hiyo, na ndiyo siku niliyotamani apige. Alifungasha nguo, akaenda kukaa Kasubi kwa rafiki yake. Simu hapokei. Miezi miwili nilipika chakula cha watu wawili, nikakimwaga, nikajikasirikia, nikawakasirikia na ninyi.

Mwishowe nikapanda boda, nikamkuta anafua. Nikamwomba radhi. Akaniuliza kama niliwahi kumuuliza anaimba nini. Sikuwahi. Nilimuuliza Mungu, nikamuuliza mchungaji, yeye mwenyewe sikumuuliza. Basi akanisomea maneno. Nyimbo nane, zote za siku ile tulipokaa na mama yake kwenye benchi ya hospitali tukiambiwa subirini, subirini, mpaka akakata roho. Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi ndiye niliyemwambia asilie, watu wanatuangalia.

Nikamwambia, sasa mbona huyasemi kwa sauti ya mtu?

"Sauti ya mtu niliitumia siku ile, jjajja. Nani alikuja?"

Nilikaa chini pale pale, kwenye maji ya kufulia.

Akakubali warekodi upya kwangu, lakini kukawa na shida yake. Mpiga ngoma wao alikuwa anasafiri kwenda kufanya kazi Kenya baada ya wiki mbili, Jumapili zisingetosha. Ilibidi warekodi siku za kazi, na siku za kazi Katwe ni nyundo mtindo mmoja. Nikapita karakana kwa karakana, namwita kila fundi kwa jina lake, namuulizia watoto, naomba nyundo zinyamaze saa nane hadi saa kumi. Mmoja akacheka, "Yaani tunyamaze ili yeye apige kelele?" Nikamwambia ndiyo, ni hivyo hivyo, na mimi pia sielewi.

Wakanyamaza. Siku kumi na mbili, safu yetu yote. Yule wa sigiri akakaa mlangoni kwangu kuzuia wanaopita na mikokoteni.

Albamu imeisha. Nimeisikiliza mwanzo hadi mwisho, na ni mbaya, sitawadanganya kanisani. Lakini kwenye wimbo wa nne nililia kwa sauti, dirisha likiwa wazi, na yeye akanishika mkono. Mabegi yake yamerudi nyumbani.

Nawashukuru mafundi kwa yale masaa yao. Nawashukuru na ninyi wa chumvi, mlikuja wenyewe mkamwomba mtoto radhi. Ninachowaachia ni kidogo tu: kabla hujamwombea mtoto, muulize. Moyo wangu umepona. Masikio ndiyo bado, hayo niombeeni.