Bwana Tundu na Njia ya Kulifikia Jiwe

Kaka yetu alifariki Jumapili, tarehe 12 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika wodi namba tatu, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1965, sekondari hadi 1971, na udaktari hadi 1977, na kwa ushahidi wangu mimi mdogo wake, katika miaka yote hiyo alifeli somo moja tu, la kuchora.

Mwaka 1985 alianza kutoa mawe ya figo kwa kupitia tundu dogo mgongoni, badala ya kumpasua mtu ubavu mzima, na ndipo wauguzi wakampa jina la Bwana Tundu, jina ambalo mama yetu hakulipenda hata siku moja. Alisema jiwe halimshindi daktari, kinachomshinda ni njia, kwa hiyo kabla ya kutoboa aliichora njia kwa kalamu kwenye ngozi ya mgonjwa, kisha akamtaka mwenye cheo cha chini kuliko wote chumbani aipinge. Tarehe 3 Februari 1987 muuguzi mgeni alimwambia, "Daktari, hesabu mbavu upya, wa mwisho ni mfupi, umeuruka," akahesabu, akakuta kweli, akaufuta mstari, na tarehe 6 Agosti 1988 akamwoa muuguzi huyo.

Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mchomea vyuma, wa kike daktari wa mawe kama baba yake, mwenye ulimi wa mama yake.

Moyo ulianza kumsumbua Mei 2021, na alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 6 Novemba mwaka huu. Siku ya tatu binti yake alimletea kitandani picha za eksirei za fundi cherehani mmoja, mwenye figo moja tu, nayo imejaa jiwe, ambaye njia ingekosewa angebaki bila figo, au asingebaki kabisa.

"Pita juu ya ubavu, mwanangu, njia imenyooka," alisema kaka.

"Imenyooka mpaka kwenye pafu, baba," binti akajibu, akamwonyesha kwa kidole, na kaka akacheka hadi muuguzi akaja mbio, kisha akasema, "Haya, nimeshindwa, pita chini."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani waliotuletea viti kabla hatujaomba, na wenzake wa chumba cha upasuaji, ambao tangu jana wanabishana nani alimpinga mara nyingi zaidi. Kaka, kazi umeimaliza, lala kwa amani.

Binti alipoulizwa kama ataahirisha upasuaji kwa sababu ya msiba, alijibu kwamba fundi hana figo ya kusubiria. Jumanne, tarehe 14 Novemba, saa tatu asubuhi, alipita chini ya ubavu, jiwe likatoka lote, na jana jioni fundi aliruhusiwa kurudi nyumbani.