Noah Amugune, Seremala wa Milango Iliyofunguka Yenyewe

Huyu tuliyekuja kumsindikiza leo, Noah Amugune, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha Musigulu, eneo ambalo wakati huo lilikuwa Wilaya ya Kakamega na leo ni Kaunti ya Vihiga. Alikuwa kitinda mimba wa marehemu Mzee Jeremiah Amugune na Mama Rosebellah Kageha. Aliwafuata Protus, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma, na dada yao Maureen. Utotoni Noah alikuwa mwoga sana. Mpaka darasa la tano hakuthubutu kwenda chooni peke yake jua likishatua. Ilimbidi Protus asimame nje akiimba, ili mdogo wake asikie kwamba yupo. Protus akinyamaza kwa utundu, Noah alitoka mbio kaptura mkononi. Mama yao husimulia kisa hiki mpaka leo, na mpaka leo hucheka.

Alianza masomo mwaka 1986 katika Shule ya Msingi ya Musigulu na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993. Alama zake zilitosha kumpeleka sekondari, lakini alichagua chuo cha ufundi. Baba yake alipomuuliza sababu, alijibu kwamba anataka kazi ambayo mtu akiimaliza anaweza kuigonga na ikamwitikia. Alisomea useremala kuanzia 1994 hadi 1996, akafaulu mtihani wa ufundi wa serikali, kisha akafungua karakana yake karibu na soko la Mbale. Mwaka 1998 randa ya umeme ilimkata ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Baada ya wiki tatu alikuwa amerudi kazini. Mwaka uliofuata baba yao alifariki, na Noah ndiye aliyemtengenezea jeneza. Mwaka 2003 alilitengenezea kanisa letu mimbari ya mvule, na Protus, ambaye alikuwa ndio kwanza amefanywa mzee wa kanisa, aliisifia mbele ya washirika wote.

Noah alifunga ndoa na Selipher Minayo tarehe 20 Agosti 2005. Walijuana kwa sababu ya kabati. Shangazi yake Selipher alimwita Noah atengeneze mlango wa kabati uliolegea, akautengeneza. Wiki iliyofuata ukalegea tena. Mara ya tatu shangazi aliuliza huyu ni fundi wa namna gani. Miaka kumi baadaye Noah alikiri kwamba kila alipoondoka aliacha bawaba moja bila kuikaza, ili apate sababu ya kurudi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lydia mwaka 2006 na Hillary mwaka 2010.

Mwezi wa Aprili 2014 alisafiri kwenda Saudi Arabia na kuajiriwa katika ghala la mbao huko Al-Sulay, Riyadh. Aliishi Manfuha, katika chumba kimoja na Vincent, dereva kutoka Bungoma, ambaye alikuwa kama ndugu kwake hadi mwisho. Kwa miaka mitano hakutengeneza kitu ila vitako vya mbao vya kupakilia mizigo. Alimwambia Selipher kwenye simu, "Mama Lydia, mikono yangu imeanza kusahau."

Mwaka 2019 ghala la jirani lilikodishwa na watu wa televisheni. Ndani yake walikuwa wakijenga nyumba ya kale ya Jeddah, yenye madirisha ya mbao zilizochongwa kama wavu, kwa ajili ya tamthilia ambayo kwa lugha yetu ingeitwa "Mpangaji wa Chumba cha Juu". Ilihusu familia iliyohamia katika nyumba ambamo mwanamke aliyekwisha kufa alikuwa bado anaishi. Noah alipita pale akipeleka mbao, akasimama, akatazama juu. Mwongozaji, mama wa makamo kutoka Jeddah aliyeitwa Hanadi, akamuuliza anatazama nini.

"Dirisha lile limepinda, madam. Kesho litamwangukia mtu."

"Unaweza kulinyoosha?"

"Mafi mushkila," alijibu Noah, yaani hakuna shida. Kabla ya adhuhuri dirisha lilikuwa limenyooka. Kabla ya mwezi kwisha kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini nchini humo, mzee wa maneno machache, alikuwa amekubali kumwachilia, na ikama yake, kibali cha kuishi na kufanya kazi, ikahamishiwa kwa kampuni ya wale watu wa tamthilia.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo wengi hapa mmesikia habari zake nusunusu, na ni haki leo isemwe yote. Hanadi alitaka mlango wa chumba cha juu ufunguke bila mtu. Mafundi wa mitambo walifunga mota, na mlango ukafunguka kama wa duka kubwa. Hanadi akasema halas, inatosha, niitieni seremala.

"Nataka ufunguke kama unafunguliwa na mtu mwenye huzuni," alimwambia Noah.

Noah alifikiri kidogo. "Mwenye huzuni hafungui mara moja, madam. Hufungua kidogo, akasimama, kama aliyesahau alichofuata. Kisha ndipo humalizia."

"Umejuaje?"

"Mama yangu. Mwaka aliofariki baba."

Aliondoa mota, akatia bawaba mafuta, akafunga uzi wa kuvulia samaki kwenye kitasa, akalala kifudifudi nyuma ya ukuta wa plaiwudi na kuuvuta kwa vidole viwili. Walirudia mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja mwigizaji, aliyejua fika kwamba Noah yuko nyuma ya ukuta, alilia machozi ya kweli. Tangu siku hiyo kila mlango uliofunguka wenyewe katika tamthilia ile, kila kikombe kilichoteleza mezani na kila kiti kilichosogea, ni Noah.

Wenzake walimwita Nuh Najjar, Nuhu Seremala, na kila asubuhi walimtania, "Safina iko wapi?" Kabla kamera haijawashwa, fundi wa taa alisoma dua kwa sauti, wengine wakiitikia, naye Noah alisali kimoyomoyo katika kona yake. Alimwambia Vincent kwamba tangu azaliwe hajafanya kazi mahali ambapo watu wanamcha Mungu kiasi kile. Hakuna aliyetaka shetani wa kweli apite karibu.

Mwanzoni mwa 2021 walihamia Jeddah kurekodi msimu wa pili. Noah na Vincent, ambaye wakati huo alikuwa akiendesha gari la vifaa, walipanga chumba Al-Mahjar. Katika msimu huo mkono wa yule mwanamke aliyekufa hutokeza ukutani. Noah alikata tundu kwa kupimia mkono wake mwenyewe, na siku ya kurekodi mwigizaji aliyeandaliwa hakuweza kupenya. Basi wakampaka Noah udongo na unga hadi begani, akausokomeza mkono wake ukutani tangu asubuhi hadi alasiri. Alipoutoa ulikuwa umekufa ganzi hata hakuweza kushika kijiko, na Vincent ndiye aliyemlisha.

Mwezi wa Mei mwaka huohuo kipande cha sekunde kumi na mbili kilifika Musigulu kwenye simu za watu. Kilionyesha ukuta, kisha mkono wa kijivu ukitoka, kisha ukelele wa mwanamke. Kidole cha shahada hakikuwa na ncha. Hakuna mtu kijijini aliyehitaji kuambiwa ni mkono wa nani. Watu walianza kusema kwamba Noah ameuza nafsi yake Uarabuni. Protus alimpigia simu.

"Mkono ule ni wako?"

"Ni wangu, kaka. Umeionaje ile ka..."

"Mkono uliotengeneza mimbari ya Mungu?"

"Ndio huohuo," alisema Noah. "Sina mwingine."

Protus alidhani ni kiburi, akakata simu. Jumamosi iliyofuata aliagiza mimbari itolewe kanisani ipelekwe stoo. Kanisa halikumtuma. Ni yeye aliyeagiza, na vijana wakatii kwa kuwa yeye ni mzee wao. Mama Rosebellah alipopata habari alisema, "Mtoto aliyeogopa choo, leo ndiye jini?"

Desemba 2022 Noah alikuja nyumbani kwa likizo ya siku thelathini. Boma lake na la Protus limetenganishwa na ua tu. Siku zote hizo Protus alipita njia ya juu, ya kuzunguka, ili asikutane na ndugu yake. Siku ya kuondoka Noah alisimama kwenye ua na kuita, "Kaka, naenda." Protus alikuwa ndani ya nyumba. Alisikia.

Novemba 2024, akiwa Jeddah, Noah alianza kushindwa kula. Madaktari walimkuta na saratani ya ini iliyokwisha kuenea. Wenzake wa tamthilia walimwandalia karamu ya kumuaga, na Vincent alisafiri naye hadi Nairobi. Aliwasili Musigulu tarehe 9 Februari 2025, akatibiwa Eldoret kwa miezi mitatu, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Selipher alimuuguza kwa mikono yake mwenyewe, bila kulalamika, na familia nzima inamshukuru kwa hilo.

Jumapili tarehe 13 Julai, baada ya ibada, Mama Rosebellah alimshika Protus mkono mlangoni mwa kanisa. "Nilizaa watatu," alisema. "Sitamzika mmoja huku mwingine amesimama nyuma ya ua. Ukishindwa kwenda leo, hata kwenye maziko yangu usije."

Protus alikwenda. Alimkuta Noah kitandani, amekonda, macho yamekuwa ya njano. Akaketi kando yake. Ni mgonjwa aliyeanza kusema.

"Ulitazama mpaka mwisho?"

"Nini?"

"Ule mkono. Ulitazama mpaka mwisho, au zile sekunde kumi na mbili tu?"

Protus alikiri kwamba aliona kile kipande tu. Noah alimwita Lydia alete simu yake na kuwawekea sehemu ile nzima. Mkono ulitoka ukutani, mwanamke akapiga ukelele, kama Protus alivyokumbuka. Lakini mkono haukuishia hapo. Ulimshika nguo mtoto mchanga aliyekuwa ametambaa hadi kwenye ukingo wa dirisha lililo wazi, ghorofa ya tatu, na kumzuia asianguke hadi mama yake alipomfikia. Yule mfu, Noah alieleza, alikuwa amempoteza mwanawe kupitia dirisha lilelile. Hakuwa amebaki katika nyumba ile ili awatishe watu. Alikuwa akilinda dirisha.

"Basi mbona hukuniambia?" aliuliza Protus.

"Ulikata simu, kaka."

Protus alilia, na Noah akamwacha alie. Kisha Protus alimwambia habari ya mimbari. Alikuwa amekwenda kuiangalia stoo wiki chache kabla ya siku ile, akitaka kuirudisha kimyakimya, akakuta mchwa wameila. Noah akaanza kucheka hadi Selipher akaja kuona kuna nini.

"Mchwa hawali mvule," alisema. "Wameila nyuma tu, siyo? Mvule ulinipungukia mwaka ule. Nyuma niliweka saiprasi na kuipaka rangi. Miaka kumi na minane uliisifia, hukuwahi kuizunguka ukaone nyuma."

Tangu siku hiyo Protus alikuja kila alasiri. Walianza tamthilia kutoka sehemu ya kwanza, Noah akimtafsiria Kiarabu na kumfunulia kila siri. Damu iliyotiririka kwenye ngazi ilikuwa sharubati ya makomamanga, na nzi waliipenda hata kurekodi kukasimama siku mbili. Ukuta uliopumua ulikuwa shuka la mpira na pampu ya baiskeli. Paka mweusi aliyetokea na kutoweka walikuwa paka watatu wa Al-Sulay, na aliyeigiza vizuri kuliko wote alikuwa kipofu wa jicho moja, kwa hiyo walimpiga picha upande mmoja tu. Na bado, kila mlango ulipofunguka, Protus alishtuka, ingawa mfunguaji alikuwa amelala kando yake. Noah alimwambia, "Usiogope, kaka. Nipo hapa."

Siku nyingine nguvu zilimwishia katikati, wakaacha. Walifika sehemu ya ishirini na tano kati ya thelathini. Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Noah alifariki nyumbani kwake, Selipher na Maureen wakiwa wamemshika mikono. Protus alikuwa njiani akitoka Kisumu kuchukua dawa, akafika baada ya saa moja. Sehemu tano zilizosalia hajazitazama. Lydia amejitolea kumsomea maelezo ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, lakini Protus amemwomba asubiri.

Hanadi alituma ujumbe wa sauti, ambao Vincent ametutafsiria. Amesema kwamba katika kazi yake amewaajiri watu wengi waliotamani kuonekana, na Noah peke yake ndiye aliyemuuliza, kabla ya kila onyesho, kama amejificha vya kutosha. Kanisa nalo limeamua mimbari irudishwe mahali pake. Mgongo mpya umechongwa na Hillary, mwanawe, na umechongwa kwa mvule.

Marehemu ameacha mama yake, Rosebellah Kageha. Mke wake, Selipher Minayo. Watoto wake, Lydia na Hillary. Dada yake, Maureen. Rafiki yake Vincent, ambaye familia hii inamhesabu kuwa mtoto wa boma hili. Wapwa, binamu na majirani wengi. Na kaka yake, Protus, aliyemnunia kwa miaka minne na kukaa naye kwa miezi mitatu.

Mungu amlaze ndugu yetu kwa amani.